Nani Alimchagua Mzee? Tafakuri Juu ya Neno Upresbiteri

Mwanafunzi wa Kitanzania akiulizwa maana ya Upresbiteri, kwa kawaida hujibu kwamba ni dhehebu la Kikristo lililotoka Uskoti na lenye nguvu nchini Kenya. Jibu hilo halina kosa, ila halifiki mbali. Ni kama kusema kwamba jamhuri ni jina la nchi. Upresbiteri, kabla ya kuwa jina la kanisa lolote, ni jina la namna ya kutawala, nalo linajibu swali ambalo kila jamii hujiuliza: nani ana haki ya kuamua kwa niaba ya wengine, na haki hiyo ameipata wapi?

Nalileta swali hili Kisiwani, wilayani Same, kwa makusudi. Kisiwani imekaa chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa mashariki, milima ikiwa nyuma yake na Hifadhi ya Mkomazi mbele yake. Misafara iliyotoka Pangani kuelekea Taveta na Kilimanjaro ilipumzika hapo katika karne ya 19. Wanaoishi huko leo, Wakristo kwa Waislamu, hawana sababu kubwa ya kulitamka neno Upresbiteri. Hata hivyo kila siku wanaishi ndani ya jambo ambalo neno hilo linalitaja, maana mambo yao mengi huamuliwa na wazee: wazee wa kanisa, wazee wa msikiti, wazee wa ukoo, wazee wa mfereji. Hoja yangu ni kwamba tumekirithi cheo cha mzee na kukiheshimu, lakini tumeyaacha masharti ambayo ndiyo yalikipa cheo hicho uhalali. Kwa kuyaacha tumempa kila mwenye nguvu kijijini neno zuri la kujifichia.

Tuanze na lugha. Upresbiteri unatokana na neno la Kigiriki presbyteros, maana yake mtu aliyemzidi mwingine umri, yaani mzee. Waingereza walilifupisha hadi likawa neno lao la kumtaja padre, wakasahau kwamba walikuwa wakimwita mzee. Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Neno letu kasisi limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kisiria, na huko asili yake ni mzee. Sheikh, kwa Kiarabu, ni mzee. Hata seneti, neno la Kirumi linalotumiwa na mabunge ya nchi nyingi, limejengwa juu ya neno la Kilatini la mzee. Askofu yuko mbali kidogo: asili yake ni episkopos, msimamizi, mwenye kuangalia kazi ya wengine.

Katika maandiko ya mwanzo ya Kikristo, mzee na msimamizi wanaonekana kuwa watu wale wale. Katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume, watu walioitwa kutoka Efeso wakiwa wazee wanaambiwa baadaye, katika hotuba ile ile, kwamba wamewekwa kuwa wasimamizi. Ni baadaye tu ambapo msimamizi mmoja alipanda juu ya wazee wenzake na kuwa askofu wa mji. Wanamageuzi wa karne ya 16 waliisoma historia hiyo wakauliza: kama mwanzoni walikuwa kundi, nani alimpa mmoja wao kiti cha peke yake?

Mwaka 1541 John Calvin alipanga kanisa la Geneva kuwa na huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Wazee 12 waliketi pamoja na wachungaji katika baraza moja. Hawakuchaguliwa na waumini moja kwa moja. Walitoka katika mabaraza ya mji, na wakosoaji wana haki ya kulikumbuka hilo. Waskoti, wakiongozwa na watu kama John Knox, walikwenda hatua nyingine. Kanuni walizoziandika mwaka 1560 zilitaka wazee wachaguliwe kila mwaka, ili asiwepo atakayejiona ameumbwa na cheo chake. Kizazi kilichofuata, ambamo Andrew Melville alikuwa msemaji mkuu, kilijenga ngazi za mabaraza. Kila usharika una baraza la wazee, juu yake lipo baraza la eneo, lenye wachungaji na wazee kutoka sharika kadhaa, ambalo ndilo hasa linaitwa presbiteri, kisha sinodi, na juu kabisa Mkutano Mkuu. Anayeuongoza Mkutano huo huko Uskoti hushika kiti kwa mwaka mmoja tu.

Mfalme James aliielewa maana ya mpango huo kuliko wengi. Katika mkutano wa Hampton Court mwaka 1604 alisema kwamba pasipokuwa na askofu hakuna mfalme. Hakuwa akizungumzia mambo ya mbinguni. Aliona kwamba watu waliozoea kumchagua mzee, kumhoji na kumkatia rufaa kanisani siku ya Jumapili watauliza maswali hayo hayo Jumatatu mbele ya serikali.

Kwa hiyo neno hili, tangu lilipoanza kutumika katika mabishano ya karne ya 16 na ya 17, limebeba mambo matatu yasiyotenganishwa. La kwanza ni kundi: mamlaka hukaa barazani, hayakai kichwani mwa mtu mmoja. La pili ni ridhaa: aliye barazani ameitwa na wale atakaowaongoza. La tatu ni rufaa: uamuzi wa baraza dogo unaweza kupelekwa kwenye baraza kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo lazima uandikwe. Ukiondoa moja, unabaki na kitu kingine kabisa. Kundi lisilo na ridhaa ni genge la wakubwa. Ridhaa isiyo na kundi humpandisha mtu mmoja anayeshangiliwa. Na visipokuwa na rufaa, vyote viwili humwacha aliyeonewa pasipo mlango wa kubisha.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Waskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na kutokana na kazi hiyo likakua Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana hapo Kikuyu kuzungumzia muungano. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia habari hizo alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel na mwenzake Willis wa Uganda wajibu mashtaka ya uzushi. Kiini cha hasira yake kilikuwa hiki: mchungaji aliyewekewa mikono na baraza la wazee, bila askofu, je, ni mchungaji? Ugomvi huo ulitikisa Kanisa la Anglikana hadi Uingereza. Mzizi wake ulikuwa tafsiri ya neno mzee, nao ulipata moto wake katika ardhi yetu.

Upareni kwenyewe waliofika walikuwa wengine. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900, na Waadventista Wasabato wakaingia Upare Kusini mwaka 1903. Hakuna kati yao aliyejiita Mpresbiteri. Lakini wote wawili walileta cheo cha mzee wa kanisa. Kisha historia ikakipa cheo hicho uzito ambao wamisionari hawakuupanga. Wajerumani walipoondolewa kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, na wengi tena walipowekwa kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliobaki na makanisa milimani walikuwa walimu na wazee wenyeji. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, na leo Dayosisi ya Pare ina askofu wake. Hata hivyo muumini wa kawaida akipata msiba, akigombana na mwenziwe au akitaka mtoto wake abatizwe, humtafuta kwanza mzee wa kanisa wa mtaa wake.

Lugha nayo imefanya jambo la ajabu hapa. Katika sharika zetu nyingi mzee wa kanisa anaweza kuwa mwanamke wa miaka 30, na hakuna anayecheka akiitwa mzee. Kiswahili kimekubali kwamba mzee ni mtu aliyechaguliwa, bila kujali mvi. Hilo ndilo jambo lenyewe la Kipresbiteri, nasi tumelipokea bila kulipa jina. Ajabu ni kwamba tukitoka nje ya mlango wa kanisa tunalisahau. Huko nje mzee anakuwa tena mwanamume mwenye umri, ng'ombe na jina la ukoo.

Upare unayo kumbukumbu yake ya gharama ya baraza lisilo na ridhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kwa kuwatumia watawala wa jadi, ilianzisha kodi iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, ikapewa jina la kale la mbiru. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa halali: watawala wa jadi walikuwa wameketi barazani na kukubaliana. Lakini watu walijua kwamba waliokaa kwenye baraza hilo hawakutumwa na wao, na kwamba makadirio yalifuata upendeleo. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakikataa kuondoka hadi wasikilizwe. Wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Upare, ameieleza habari hiyo kwa kirefu. Hatimaye mbiru iliondolewa. Watu hao hawakuwa wakikataa kulipa kodi. Walikuwa wakikataa kuamuliwa na wazee ambao hawakuwaweka.

Msomaji anaweza kunikumbusha kwamba hata Wapresbiteri wenyewe hawakuwa watakatifu. Ni kweli. Huko Uskoti mabaraza ya wazee yaligeuka kuwa polisi wa vyumba vya kulala, yakiwaweka wakosaji mbele ya usharika ili waone haya. John Milton, aliyewatetea dhidi ya maaskofu mwanzoni mwa miaka ya 1640, aliwageuka kabla muongo huo haujaisha, alipoona kwamba na wao wanataka kuzifunga dhamiri za watu. Kuanzia mwaka 1712 sheria iliwapa wenye ardhi haki ya kuwapendekezea washarika mchungaji, na kidonda hicho kilipopasuka mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 waliacha nyumba na mishahara yao wakaanzisha kanisa huru. Huku kwetu, mwaka 1929, misheni ya Waskoti huko Kikuyu iliwataka wazee na watumishi wake waweke sahihi au alama ya kidole kwenye tamko la kupinga ukeketaji. Ukeketaji ni madhara, na ningependa kila mzee aupinge. Lakini uamuzi huo ulitoka juu kwa wamisionari, na wazee wakatakiwa kuubeba tu. Makanisa yalimeguka, na watu wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe.

Mifano hiyo haiipingi hoja yangu, inaithibitisha. Kila mara neno mzee lilipobaki na ridhaa ikaondoka, baraza lilivunjika au likawa chombo cha uonevu. Na pale masharti yalipofuatwa, hata kwa kusuasua, matunda yalionekana. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama katika kanisa la Mtakatifu Andrea jijini Nairobi akahoji kama mfumo wa chama kimoja ungeweza kudumu baada ya yaliyotokea Ulaya Mashariki. Kanisa lake lenyewe lilikuwa limewahi kumchukulia hatua kwa maneno yake. Lakini lilikuwa kanisa ambalo ndani yake hatua hizo hujadiliwa barazani, na ambalo mapokeo yake kwa karne nyingi yamefundisha kwamba hakuna kiti kisichoulizwa.

Sasa turudi chini ya mlima. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaweka mamlaka ya juu ya kijiji mikononi mwa mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Mkutano huo huchagua halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Sheria hiyo hiyo inaunda baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ambao hupendekezwa na halmashauri na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Asiyeridhika ana mahali pa kupanda. Kundi, ridhaa na rufaa: mambo yale yale matatu yamo katika sheria za Tanzania, na hakuna Mskoti aliyeziandika.

Lakini mtumishi wa umma aliyewahi kufanya kazi vijijini anajua kinachotokea. Mgogoro wa mpaka wa shamba unaletwa, na kabla haujasikilizwa mtu anasimama na kusema: "Jambo hili wazee wameshalimaliza." Zamu ya maji ya ndiva, bwawa la asili linalokusanya maji ya mifereji yetu ya milimani, inabadilishwa, na mjane aliyeuliza sababu anaambiwa ndivyo wazee walivyoona. Eneo la malisho linapewa mgeni, na kijana akidai muhtasari wa kikao anaonekana hana adabu. Nimeyasikia maneno haya katika mikutano ya vijiji zaidi ya mara moja, na kila mara yalifanya kazi moja: yalifunga mdomo wa mtu mwenye hoja kwa kutumia heshima yake mwenyewe dhidi yake.

Najua pingamizi litakalokuja. Watu watasema kwamba wazee wana hekima, kwamba wanapatanisha bila gharama, na kwamba uchaguzi huleta siasa na mifarakano. Sehemu ya hayo ni kweli. Wazee wa ndiva wameyagawa maji ya milima hii kabla ya kuwapo mhandisi yeyote wa wilaya, na mashauri mengi yangeoza mahakamani kama wasingeyapatanisha. Sipendekezi tuwaondoe. Napendekeza tuwaulize. Hekima iliyo ya kweli haipungui ikiandikwa kwenye daftari, na mpatanishi mwadilifu haogopi aliyeshindwa aende kusikilizwa mahali pengine. Anayeogopa hayo mawili ana lake.

Wala simwalike mtu abadili dhehebu. Mlutheri abaki na askofu wake, Mwislamu na sheikh wake, Msabato na mzee aliyempigia kura. Ninachokitaka kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni kidogo na kinawezekana. Utakapokuwa kijijini kwenu, Kisiwani au kwingineko, na mtu akatamka kwamba wazee wameamua, muulize kwa adabu maswali matatu. Wazee hao ni akina nani kwa majina, na nani aliwaweka? Uamuzi wao umeandikwa wapi, na nani anaruhusiwa kuusoma? Asiyeridhika nao aende kwa nani, na ndani ya muda gani?

Mwenyekiti mwenye nia njema atayajibu kwa dakika tano, kwa sababu majibu yatakuwa kwenye daftari lake. Asipoyajibu, sheria inawapa wanakijiji haki ya kuyapeleka kwenye mkutano mkuu, ambao unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Afisa mtendaji anayeuahirisha mkutano huo robo baada ya robo ajue kwamba ameshika upande, hata kama hajasema neno. Na wazee wenyewe, wale wa kweli, wawe wa kwanza kudai kuchaguliwa na kuandikiwa muhtasari, ili siku mtu mwingine akilitumia jina lao kuchukua shamba la mjane, wao wawe na karatasi ya kumkana.